Elimu Haina Mwisho: Maana ya Kujifunza Maishani Mwote na Wajibu wa Mwalimu

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya ualimu msemo "elimu haina mwisho" husikika mara kwa mara. Huandikwa ukutani, hutajwa katika hotuba za mahafali, na wanachuo huutumia kufungia insha zao. Lakini msemo unaotajwa mno huweza kupoteza uzito wake. Mwanachuo akiulizwa elimu hiyo isiyo na mwisho ni ipi, na yeye akiwa mwalimu atafanya nini darasani kesho asubuhi ili ipatikane, aghalabu hutaja madarasa ya jioni ya watu wazima, au masomo ya kujiendeleza ili apandishwe daraja. Majibu hayo si ya uongo, ila hayatoshi.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, maana ya kujifunza maishani mwote. Pili, kwa nini jambo hilo ni la lazima kwa mwananchi wa kawaida na wala si pambo la wasomi. Tatu, mbinu ambazo mwalimu aweza kuzitumia ili kulijenga. Mifano imechukuliwa katika historia ya nchi yetu, na hasa katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu, Kibondo na eneo la Mtabila, kwa sababu huko ndiko wanachuo wetu wengi hufanya mazoezi ya kufundisha, na ndiko baadhi yao watakakopangiwa kazi.

Hoja kuu ni hii: elimu ya maisha haianzi pale mtu anapomaliza shule. Huanza katika darasa la kwanza, nayo hutegemea kama mwalimu amemfundisha mwanafunzi namna ya kujifunza hata pale ambapo mwalimu hayupo.

Maana ya kujifunza maishani mwote

Mwanadamu hujifunza kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni elimu rasmi, yenye madarasa, mihtasari, mitihani na vyeti. Njia ya pili ni elimu nje ya mfumo rasmi, ambayo hupangwa lakini haifuati ngazi za shule: kisomo cha watu wazima, mafunzo ya bwana shamba kwa wakulima, semina za wakunga, masomo ya ufundi katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Njia ya tatu ni elimu isiyo rasmi, ambayo mtu huipata bila ratiba: nyumbani, sokoni, kwenye redio, kwa fundi aliyemshika mkono, au kwa jirani.

Kujifunza maishani mwote maana yake ni kuziunganisha njia hizi tatu katika umri wote wa mtu, tangu utoto hadi uzee, ili kila moja iitegemeze nyingine. Kwa hiyo si jina jingine la elimu ya watu wazima. Elimu ya watu wazima ni sehemu tu ya jambo hili, kama vile shule ya msingi ilivyo sehemu yake.

Wazo hili si geni kwetu. Kabla ya shule kuja, jamii za Kiafrika zilifundisha watu wa kila rika. Mtoto alifundishwa kuchunga, kijana akafundishwa kulima na kujenga, mzazi akafundishwa kulea, na mzee akafundishwa kuamua mashauri. Hapakuwa na siku ambayo mtu aliambiwa kwamba sasa amehitimu. Fikra ya kuwa elimu huisha siku cheti kinapotolewa tumeipata pamoja na shule yenyewe.

Katika ulimwengu mpana, UNESCO ililipa jambo hili nguvu mpya mwaka 1972 kwa ripoti ya tume iliyoongozwa na Edgar Faure, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa. Mwaka 1976 mkutano mkuu wa shirika hilo uliofanyika Nairobi ulipitisha mapendekezo kuhusu maendeleo ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1996 tume nyingine, iliyoongozwa na Jacques Delors, ilitaja nguzo nne za elimu: kujifunza ili kujua, kujifunza ili kutenda, kujifunza kuishi pamoja na wengine, na kujifunza ili kuwa mtu kamili. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipoweka Malengo ya Maendeleo Endelevu, lengo la nne lilitaja waziwazi fursa za kujifunza maishani kwa watu wote.

Kikwazo kilichomo katika mazungumzo yetu

Yafaa hapa kutaja kikwazo kimoja. Watu wengi husema "samaki mkunje angali mbichi" wakiwa na maana kwamba mtu mzima hafundishiki. Methali hiyo inahusu malezi na tabia: inamwonya mzazi asicheleweshe kumwongoza mtoto. Haisemi kwamba akili ya mtu mzima imekauka. Mbele yake tunayo methali nyingine isemayo "kuishi kwingi ni kuona mengi," ambayo inakiri kwamba umri wenyewe ni shule.

Ushahidi upo. Nchini Kenya, baada ya serikali kuondoa ada za shule za msingi mwaka 2003, mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuzungumza juu ya haki ya elimu. Alifariki mwaka 2009 akiwa bado mwanafunzi moyoni. Funzo kwa mwalimu halimo katika ajabu ya umri wake tu. Nia ya kusoma alikuwa nayo siku zote. Kilichobadilika mwaka ule ni kwamba mlango ulifunguliwa, na walimu wa shule ile wakakubali kumpokea.

Tulikotoka: kampeni za kisomo

Tanzania ina historia ya pekee katika jambo hili. Wakati wa ukoloni nyanda za juu za Kigoma zilihesabiwa kuwa chimbuko la vibarua. Vijana wa Kiha walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, mbali na kwao, na shule zilikuwa chache. Aliyekwenda bila kujua kusoma alihitaji mtu wa kumwandikia barua, na mkewe nyumbani akahitaji mtu wa kumsomea. Siri za nyumba zikapita katika vinywa vya watu wengine. Kutojua kusoma hakukuwa upungufu wa maarifa tu. Kulikuwa kukosa faragha na kukosa sauti.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alieleza mwaka 1964, wakati wa kuanza kwa Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, kwamba nchi haiwezi kungoja watoto wakue ndipo iendelee. Lazima watu wazima waelimishwe kwanza. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 Chama cha TANU kikaazimia kufuta ujinga wa kutojua kusoma kufikia mwisho wa mwaka 1975.

Kazi ikafanyika. Shule za msingi zikawa vituo vya kisomo saa za jioni. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vikaandikwa kufuata kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi, mifugo, uchumi wa nyumbani. Redio nayo ikatumika. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Walijifunza juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kisha wakaondoka kwenye redio wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai."

Jaribio la kitaifa la mwaka 1975 lilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39. Mwaka 1977 walikuwa asilimia 27, mwaka 1981 asilimia 21, mwaka 1983 asilimia 15, na mwaka 1986 asilimia 9.6. Ni nchi chache barani Afrika zilizopiga hatua kama hiyo kwa muda mfupi hivyo.

Kwa nini kisomo kilirudi nyuma

Hata hivyo historia hii ina sehemu ya pili ambayo mwalimu hapaswi kuiruka. Mwaka 1992 ilikadiriwa kuwa wasiojua kusoma wamefikia asilimia 16. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba takriban asilimia 78 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walijua kusoma na kuandika. Vipimo vya jaribio na vya sensa si sawa, kwa hiyo tarakimu hizi zisilinganishwe kama uzito wa mizani miwili iliyo sawa. Lakini mwelekeo ni dhahiri: ujuzi uliopatikana kwa jasho haukudumu wote.

Sababu zake ni nyingi. Hali ya uchumi ya miaka ya 1980 ilikuwa ngumu. Karatasi ikaadimika, posho za walimu wa kisomo zikapungua, betri za redio zikawa ghali. Baadhi ya waliokosa shule utotoni waliendelea kuongezeka katika hesabu ya watu wazima. Lakini ipo sababu inayotuhusu sisi walimu moja kwa moja. Katika vijiji vingi kisomo kilihesabiwa kuwa kimekamilika siku ya jaribio. Mama aliyefaulu alipewa cheti, akarudi katika nyumba isiyo na kitabu, katika kijiji kisicho na gazeti, na katika shughuli zisizomdai kuandika chochote. Macho yaliyozoea herufi yakazisahau.

Wataalamu wa wakati ule waliliona tatizo hilo mapema. Ndiyo maana yalianzishwa magazeti ya vijijini, mojawapo likiwa lile la Kanda ya Ziwa lililoitwa "Elimu Haina Mwisho," pamoja na maktaba za vijiji. Ndiyo maana pia mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano wa Sweden, kikiwamo chuo cha Kasulu. Nia ilikuwa njema, ila magazeti hayakufika kila mahali, na maktaba nyingi hazikupata vitabu vipya. Jembe lisilotumika hushika kutu, na ujuzi wa kusoma ni vivyo hivyo.

Funzo tunalopata ni kwamba kumwezesha mtu kusoma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba anacho cha kusoma, anayo sababu ya kusoma, na amezoea kutafuta mwenyewe.

Funzo la Mtabila

Sasa tuitazame Mtabila, wilayani Kasulu, kwa kuwa inaonyesha jambo hili kwa namna nyingine. Vita vilipozuka Burundi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993, maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia Kigoma. Kambi ya Mtabila ilikuwa mojawapo ya kambi zilizowapokea. Ndani yake zilianzishwa shule zilizofuata mtaala wa Burundi, kwa matarajio kwamba wanafunzi wangerudi kwao siku moja. Watoto wengi walizaliwa hapo, wakasoma hapo, bila kuiona nchi waliyoandaliwa kuishi.

Mwaka 2009, katika hatua za kuhimiza watu warejee, shule za kambi zilifungwa, ilhali kambi yenyewe iliendelea kuwapo. Mwaka 2012 hadhi ya ukimbizi ya wakazi wengi ilikoma, na katika miezi ya mwisho ya mwaka huo zaidi ya watu 30,000 walirejeshwa Burundi. Mwezi wa Desemba 2012 kambi ikafungwa. Leo mahali hapo pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambamo vijana wa Tanzania hujifunza kilimo, ufundi na nidhamu ya kazi.

Makala haya hayana kusudi la kuhukumu maamuzi hayo. Linalotuhusu ni swali la kialimu: mtoto aliyekuwa darasa la nne siku ile shule ilipofungwa, alibaki na nini? Ikiwa mwalimu wake alimzoesha kunakili ubaoni na kukariri majibu, basi siku ubao ulipoondolewa masomo yaliondoka nao. Lakini ikiwa alimzoesha kusoma aya peke yake na kuieleza kwa maneno yake, kumwuliza mkubwa neno asilolijua, kupiga hesabu za sokoni, na kumfundisha mdogo wake alichokijua jana, basi alibaki na shule ambayo hakuna awezaye kuifunga.

Tena yapo mambo ambayo wakazi wa kambi na wenyeji walijifunza bila darasa. Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana sana, kwa hiyo mazungumzo ya sokoni hayakuhitaji mkalimani, na Kiswahili kikapatikana katika shughuli hizohizo. Hiyo ndiyo elimu isiyo rasmi tuliyoitaja mwanzoni. Mwalimu mwerevu huitambua na kuiingiza darasani badala ya kuidharau.

Hali hii haijapita. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na kambi ya Nduta iliyopokea tena Warundi baada ya machafuko ya mwaka 2015, zimewaonyesha walimu wa eneo hili kwamba maisha ya mwanafunzi yaweza kukatwa wakati wowote na mambo asiyoyaweza. Hata mtoto wa mwenyeji hukatizwa: na ugonjwa wa mzazi, na umaskini, na mimba. Mwezi wa Novemba 2021 serikali yetu iliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliojifungua, kurudi masomoni katika mfumo rasmi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo hutoa njia mbadala kwa wasioweza kurudi darasani. Mlango umefunguliwa. Lakini atakayeuingia ni yule ambaye hakuambiwa na mwalimu wake kwamba safari yake ya kujifunza imekwisha.

Umuhimu wake katika maisha ya kila siku

Chukua mfano wa muhogo, zao linalolisha nyumba nyingi za nyanda hizi. Mkulima aliyejifunza kwa baba yake alijua kukata pingili za jirani na kuzipanda. Elimu hiyo ilitosha mpaka yalipoenea magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Batobato huonekana: majani hupata mabaka na kujikunja, na mmea hudumaa. Michirizi ya kahawia ni ya hila zaidi, kwa maana shina laweza kuonekana zima huku mzizi umeoza ndani ya udongo. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe na pia na pingili zenye ugonjwa. Kwa hiyo ile desturi njema ya kugawiana mbegu na jirani ikageuka kuwa njia ya kueneza hasara. Mkulima asiyejifunza upya hana kosa la uvivu. Analima kwa bidii, lakini kwa maarifa ya wakati uliopita. Mwisho wa msimu huchimba njaa.

Ndivyo ilivyo katika mambo mengine. Mama anayepewa dawa kwa ajili ya mtoto hana budi kusoma kipimo. Mwanachama wa ushirika wa kahawa hana budi kuelewa mizani na hati ya malipo, la sivyo atapunjwa mbele ya macho yake. Mjumbe wa serikali ya kijiji hana budi kusoma taarifa ya mapato na matumizi na kuuliza pale isipoeleweka. Na siku hizi simu ya mkononi imefanya kila mtu awe mpokeaji wa fedha, wa habari, na pia wa ulaghai. Asiyeweza kupima alichoandikiwa hudanganyika kwa urahisi. Asiyeendelea kujifunza hurudi katika hali ya yule kibarua wa zamani: mambo yake husomwa na mtu mwingine.

Mbinu za kufundisha zinazojenga mazoea haya

Yafuatayo ni mapendekezo ambayo mwanachuo aweza kuyajaribu hata katika shule isiyo na vifaa vingi.

1. Somo lianze na swali lenye jibu linalotafutwa. Katika darasa la tano, kwa mfano, mwalimu alete majani mawili ya muhogo, moja zima na moja lenye batobato. Asiseme kitu. Wanafunzi wayatazame, wayachore, waseme tofauti. Ndipo waulize: nini husababisha? Swali hilo wapeleke nyumbani wakawaulize wazazi, na kwa afisa ugani akipatikana. Kesho yake majibu yaandikwe ubaoni, yalinganishwe, kisha yapimwe kwa kitabu. Mwisho darasa liorodheshe mambo ambayo bado hayajajulikana. Kwa njia hii mtoto hujifunza batobato, lakini zaidi ya hapo hujifunza hatua za kujua jambo lolote: kutazama, kuuliza, kulinganisha, kuhakikisha.

2. Mwanafunzi asome peke yake kila siku, hata kwa dakika 10. Kusoma kwa pamoja kwa sauti kuna faida zake, lakini huwaficha wasiojua nyuma ya sauti za wenzao. Vitabu visipotosha, barua, matangazo ya kijiji, na habari zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe zatosha kuanzia. Gazeti la ukutani hubadilishwa kila juma kwa gharama ndogo.

3. Swali la mwanafunzi lisizimwe. Kuuliza si ujinga. Mwalimu asiyejua jibu na aseme, "Sijui, tutatafuta wote," kisha kweli atafute. Mtoto aliyemwona mwalimu wake akitafuta amefundishwa jambo kubwa kuliko jibu lenyewe.

4. Anayejua amfundishe asiyejua. Kazi za vikundi zipangwe ili kila mmoja awe na sehemu ya kueleza. Aliyeeleza jambo kwa mwenzake halisahau upesi.

5. Tathmini isihukumu kumbukumbu peke yake. Katika kila zoezi liwepo walau swali moja linalomtaka mwanafunzi atumie alichojifunza mahali papya.

Kuhusu watu wazima, mwalimu akumbuke kwamba hafundishi watoto waliorefuka. Mtu mzima huja na uzoefu, huja na uchovu, na huja na heshima yake. Aitwe mzee au mama kama aitwavyo kijijini. Asipewe dawati ambalo magoti hayaingii. Makosa yake yasisomwe mbele ya mkwewe. Ratiba ifuate msimu: mvua zinapoanza mashamba huita, na kituo kinachong'ang'ania saa za kiangazi hubaki kitupu. Zaidi ya yote, aanze na jambo analolihitaji wiki hii, kama vile hesabu ya magunia, jina la mtoto katika kadi ya kliniki, au ujumbe wa simu. Uzoefu wake uwe sehemu ya somo. Pengine yeye ndiye ajuaye historia ya bonde hilo kuliko kitabu.

Mwalimu mwenyewe

Hatuwezi kupanda mbegu tusiyokuwa nayo. Mwalimu aliyefunga vitabu siku ya mahafali hawezi kufundisha kujifunza. Historia yetu inatoa mfano wa kutia moyo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi iliamua kuandikisha watoto wote, na walimu hawakutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakaanza kufunzwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na madarasa ya kata. Zaidi ya 30,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wako waliowabeza, na kweli mafunzo yale yalikuwa na upungufu. Lakini wengi wao hawakuishia hapo; walisoma usiku kwa taa ya kibatari, wakajiendeleza daraja kwa daraja, na kizazi kizima kilijua kusoma kwa mikono yao.

Walimu wa leo wana nafasi kubwa zaidi. Utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini unazitaka shule ziwe na jumuiya za ujifunzaji, ambamo walimu hukutana kujadili masomo yao. Jumuiya hiyo ikigeuzwa kuwa kikao cha kusaini mahudhurio, haina faida. Ikiwa ni mahali ambapo mwalimu husema, "Sehemu hii ya sehemu imewashinda wanafunzi wangu, wewe huifundishaje?", basi hiyo ndiyo elimu ya maisha katika sura yake halisi, nayo haigharimu fedha.

Hitimisho

Tumeona kwamba kujifunza maishani mwote si somo jipya la kuongezwa katika ratiba. Ni namna ya kuyafundisha masomo yote. Tumeona pia kwamba taifa laweza kuwafikisha watu wake mbali na kisha wakarudi nyuma, ikiwa kujua kusoma kutahesabiwa kuwa kikomo. Na Mtabila imetukumbusha kwamba darasa laweza kufungwa kwa tangazo la siku moja.

Basi mwanachuo anapoandaa somo lake na ajiulize swali moja kabla ya kuandika malengo: shule hii ikifungwa kesho, wanafunzi wangu wataweza kufanya nini bila mimi? Andalio lenye jibu la swali hilo ni andalio jema.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya elimu ya watu wazima na kujifunza maishani mwote. Toa mifano kutoka kijijini kwenu.

2. Ni vitu gani vya kusoma vinavyopatikana katika eneo la shule unakofanya mazoezi? Vyaweza kutumiwaje na waliomaliza shule?

3. Chagua mada moja ya sayansi ya darasa la tano. Andaa somo linaloanza na swali na kuwatuma wanafunzi kuuliza nyumbani.

4. "Samaki mkunje angali mbichi." Jadili matumizi na matumizi mabaya ya methali hii katika elimu.